Pointi za Safari ya Mama

Juma lililopita niliwaacha mlangoni mwa benki, nimevaa gauni langu la kutokea, nakwenda kuchukua tiketi ya ndege ya mama yangu. Walionisoma tangu mwanzo wanajua kwamba hakuna jema linalonikuta nikiwa ndani ya gauni hilo. Nililivaa siku cherehani yangu ilipoibwa, na nililivaa siku mwenye nyumba alipokuja kututoa karakanani. Lakini mtu hawezi kwenda kuchukua tiketi ya mama yake akiwa amevaa aproni.

Aliyenikuta njiani nimweleze kwa ufupi. Mimi ni fundi wa mapazia. Mama anaishi nasi, mimi na mume wangu na watoto. Mdogo wake, yaani mama yangu mdogo, anaishi ng'ambo kwa binti yake.

Mama mdogo anasahau. Alianza na funguo, yakafuata majina ya wajukuu, na sasa ziko siku anamwita binti yake mwenyewe nesi. Mtu pekee ambaye hajamsahau ni mama yangu. Kila asubuhi anauliza, "Dada yuko wapi?" Daktari wa huko amesema hata huyo dada zamu yake ya kusahauliwa itafika.

Mama hakutaka makubwa. Alisema tu, "Nataka anione akiwa bado ananijua."

Ndipo kadi ilipoingia nyumbani kwetu.

Mume wangu anauza vipuri vya magari, na benki ya jirani na duka lao ilimpa kadi ya mkopo. Akanichukulia na mimi kadi ya pili, yenye jina langu kabisa. Tangazo lao lilisema hivi: atakayeitumia kadi mpaka kufikia kiwango fulani ndani ya miezi mitatu atapewa bonasi ya pointi elfu sitini, na pointi hizo zinatosha tiketi ya kwenda ng'ambo na kurudi. Bure. Neno hilo la mwisho ndilo lililonimaliza.

Nikaanza kazi. Kaka yangu alipobadilisha matairi, nililipa mimi kwa kadi, naye akanipa taslimu. Msusi wa jirani aliponunua mashine za kukaushia nywele, nililipa mimi. Mtu akikohoa tu ukoo mzima unamwambia, subiri fundi aje alipie dawa kwa kadi.

Vitambaa vyangu nilikuwa nikinunua duka la jumla, kwa yule mzee anayepima kwa mkono na kuongeza kipande cha juu. Yeye hapokei kadi. Basi nikamhama, nikaenda duka lile la vioo lenye kiyoyozi, ambalo hata hewa yake nadhani inaingizwa kwenye bei. Wateja wangu hawakukubali kupandishiwa, kwa hiyo tofauti niliimeza mwenyewe. Mwezi mmoja walichelewa kunilipa, nami nikachelewa kulipa benki, riba ikaja. Sikujali. Nilijiambia kwamba hiyo yote ni safari ya mama.

Basi, nikaingia.

Mhudumu wa dirishani alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole. Nilimpenda mara moja, na mpaka leo sina ugomvi naye.

"Nimekuja kuchukua tiketi ya mama yangu," nikamwambia. "Ya zile pointi."

"Kadi yako, mama."

Akaiangalia, akabonyeza bonyeza, akaniangalia mimi.

"Hii ni kadi ya pili."

"Ina jina langu."

"Ndiyo, ina jina lako. Lakini pointi zote zinaingia kwa mwenye akaunti. Wewe unatumia, yeye ndiye anayepata."

"Mwenye akaunti ni mume wangu. Zikiingia kwake zimeingia kwangu."

Nilisema kwa utani, nikitegemea acheke. Hakucheka.

"Kwani ziko ngapi?"

"Bonasi iliingia yote, mama. Ila zimeshatumika. Zilizobaki hazinunui hata begi la safari."

"Zimetumika kwa nini?"

"Kukatia tiketi ya ndege."

Nilishusha pumzi. Nilicheka peke yangu pale dirishani mpaka mzee aliyekuwa nyuma yangu akasogea hatua moja. Nikamwambia yule binti, "Basi ameshamkatia. Mume wangu huyo, anapenda kunifanyia mambo ya kushtukiza. Nitajie jina lililoandikwa, nikafurahi nalo njiani."

"Siruhusiwi kutaja jina la msafiri."

"Nitalitaja mimi. Wewe itikia kwa kichwa tu."

Nikayataja majina ya mama, yote matatu, kama yalivyo kwenye pasipoti tuliyohangaikia. Hakuitikia.

Nikataja langu. Hakuitikia.

"Ni la mwanaume?"

"Mama, tafadhali."

"Basi ni la mwanamke."

Akainamia kibodi yake akaanza kuandika vitu ambavyo sidhani vilikuwa na kazi yoyote.

Nilikaa kwenye kiti kilichokuwa mbele ya dirisha bila kuambiwa. Sijui kwa nini, lakini swali lililonitoka halikuwa juu ya huyo mwanamke. Niliuliza, "Kwani pointi zile zilikuwa na thamani gani hasa?"

Nadhani alinionea huruma. Alieleza taratibu. Pointi zinalipa kiti peke yake. Kodi za uwanja na ada nyingine mtu anazilipa taslimu, na mwenye akaunti alikuwa ameshazilipa. Tena kiti chenyewe kinapatikana siku ambazo ndege haikujaa, si siku unayoitaka wewe. Kisha akaniuliza, "Mama, ulikuwa ukinunua wapi kabla ya kadi?"

Nikamweleza habari za mzee wa duka la jumla. Nikamweleza habari za kiyoyozi na riba. Akachukua kikokotoo, akapiga hesabu, akanigeuzia nione. Ilinichukua muda kuamini kwamba tarakimu zile ni zangu.

"Kwa hii ungenunua tiketi dirishani," akasema. "Na ya pili ungekaribia."

"Kwa hiyo tiketi ya bure nimeinunua karibu mara mbili."

"Ndiyo, mama."

"Na atakayepanda ndege ni mwanamke nisiyemjua."

Akakirudisha kikokotoo kwenye droo.

Wapo wasomaji walioniandikia baada ya lile juma nililowasimulia kuhusu simu. Mnakumbuka: mume wangu akipigiwa anatoka nje, anaongea kwa kunong'ona, na mara mbili nilisikia sauti ya mwanamke. Nusu yenu mlisema nina wivu. Nusu mlisema niamke kumeshakucha. Pale dirishani niliwaona ninyi wa nusu ya pili kuwa ndio ndugu zangu.

Sikulia. Ningelia ingekuwa afadhali, maana mwenye kulia hana nafasi ya kupanga. Mimi nilipanga.

"Kadi ikitumiwa na mtu bila idhini, mnafanyaje?"

"Unatoa taarifa ya wizi. Tunafunga akaunti nzima, na chochote kilichochukuliwa kwa pointi ambacho bado hakijatumika kinafutwa."

"Tiketi nayo?"

"Kama msafiri hajapanda ndege, inafutwa."

"Mwenye kadi ya pili anaweza kutoa taarifa?"

Akasita. "Anaweza."

"Basi andika. Kuna matumizi siyatambui."

Yule binti aliondoa mikono kwenye kibodi akaiweka mapajani. "Mama yangu, nikibonyeza hapa pointi hazirudi mpaka uchunguzi ukamilike. Hata mkipatana kesho. Nakuomba nenda nyumbani kwanza, kamuulize mwenzio."

Hasira hasara. Nimelisikia neno hilo tangu sijaota meno ya ukubwani, na nimewaambia wengine mara nyingi kuliko nilivyoambiwa. Siku ile lilinipita pembeni kama mtu tusiyejuana.

"Bonyeza," nikasema.

Akabonyeza.

Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu, nikipanga maneno. Nilikuwa nayo makali, mengine ningeona haya kuyaandika hapa. Nilipofika uani nikakuta gari la bosi wa mume wangu, na mume wangu mwenyewe kakunja suruali, kashika mpira wa maji, analiosha. Alikuwa amenyoa ndevu.

Godoro la akiba lilikuwa limeanikwa ukutani. Mama ndiye aliyeomba liwekwe juani. Kwa juma zima alikuwa akinisumbua vilevile nimshonee pazia la kugawa chumba chake katikati, nami nikimjibu kwamba wateja kwanza, wewe Mama unagawana chumba na nani. Niliviona vyote hivyo, godoro na ndevu na gari, na akili yangu haikuviunganisha. Hasira ilikuwa imeshaunganisha vya kwake.

"Gari hili la nini?" nikauliza.

"Bosi kaniazima mpaka kesho."

"Unakwenda kumpokea nani?"

Alicheka. Jamani, alicheka, na povu la sabuni mkononi. "Nani kakwambia?"

"Benki."

"Kumbe wale hawana siri." Akaendelea kusugua kioo. "Haya, umejua. Ila jifanye hujui. Mama anataka kuona uso wako kesho utakavyokuwa."

Nikasahau maneno yangu yote makali.

"Mama anajua?"

"Mama ndiye aliyepanga."

"Mama anajua una mwanamke?"

Akaacha kusugua. "Mwanamke gani?"

"Huyo uliyemkatia tiketi kwa pointi zangu."

Akanitazama kana kwamba nimemwuliza jina la mtoto wetu. "Si mama mdogo," akasema. "Nimemkatia mama mdogo. Ndiye anayekuja."

Mnisamehe, hapa sikumbuki vizuri nilisema nini, au kama nilisema. Nakumbuka yeye akizungumza, na mimi nikitazama godoro.

"Mama hawezi kupanda ndege," aliniambia. "Nilimpeleka kliniki siku zile ulipokuwa na mapazia ya hoteli. Daktari alisema moyo wake hauhimili safari ya angani. Alikatazwa kabisa."

"Na hamkuniambia."

"Alinizuia. Alisema, 'Mkwe wangu, mwache na pointi zake. Akijua siendi ataacha kushona, atakaa chini kulia. Zikitimia, wewe mlete mdogo wangu huku, yeye amwone tu anaingia mlangoni.' Ningemkatalia vipi?"

"Na zile simu?"

"Binti yake. Tulikuwa tunapanga siku. Yeye kajibana miezi kapata tiketi yake, anamsindikiza mama yake. Daktari wa huko kawaruhusu safari hii moja, maana mbele ya hapo hali yake haitaruhusu tena." Akatazama saa. "Sasa hivi watakuwa wanafika uwanjani. Mbona hufurahi, mama watoto?"

"Nimefunga kadi."

"Kadi ipi?"

"Ile. Zote. Nimewaambia benki kuna wizi. Wameifuta tiketi."

Mpira wa maji ulikuwa bado mkononi mwake. Maji yalimwagikia viatu vyake, yakajaa, yakamwagika nje, naye hakusogea.

Msidhani alinitukana. Angenitukana ningeshukuru. Alifunga bomba, akajifuta mikono kwa shati lake safi, akachukua simu akapiga benki. Akaelezwa nilivyoelezwa mimi, kwamba pointi zilizofutwa kwa taarifa ya wizi hazirejeshwi mpaka uchunguzi ukamilike.

"Uchunguzi unachukua muda gani?" akawauliza.

Alisikiliza jibu akakata simu bila kuniambia. Uso wake uliniambia.

"Tumnunulie nyingine," nikasema. "Sasa hivi. Lipia kwa kadi."

"Kadi umeifunga."

"Taslimu basi."

"Taslimu ipi? Ile tuliyokuwa nayo ilienda kwenye riba, na iliyobaki nimelipia kodi za uwanja."

Akampigia binti ya mama mdogo. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Na tena.

Nilitaka kuomba msamaha, lakini neno lenyewe niliona dogo mno kwa jambo lile. Miezi mitatu nimehesabu pointi usiku na mchana, nikijua kila moja imetoka kwenye tairi gani na kitambaa kipi, na sikuwahi kujiuliza zina maana gani kwa wenyewe. Zilikuwa watu wawili wazee kukaa kitandani pamoja. Basi. Ndiyo thamani yake, na hakuna kikokotoo cha benki kingenionyesha.

Kisha tukasikia simu ikiita ndani. Haikuwa yake wala yangu. Ilikuwa ya Mama.

Mama masikio yamempungua, kwa hiyo simu yake huiweka kwenye spika, na dirisha la chumba chake linafunguka uani. Tulikimbia. Tulipofika mlangoni alikuwa ameshapokea.

Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha pili, kile cha wageni chenye godoro lake. Alikuwa ameshatandika shuka jipya bila kutuambia, na mkononi alikuwa na foronya, nusu ya mto ndani, nusu nje. Pale katikati ya chumba alikuwa amefunga kamba mwenyewe, ikisubiri pazia langu.

"Mama mkubwa," sauti ya binti ya mama mdogo ilikuwa ikisema, ya mtu aliyekwisha lia, "hebu niitie shemeji. Kuna tatizo hapa kaunta. Mimi tiketi yangu ipo, ya mama hawaioni. Wanasema... Mama, subiri, naongea. Mama, nipe simu."

Pakawa na vurugu ya mikono. Kisha ikaja sauti nyingine, nyembamba, ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipokuwa msichana.

"Dada?"

"Ndiyo, mdogo wangu," Mama akasema. Akatabasamu peke yake. "Ni mimi."

"Najua ni wewe. Leo sijasahau kitu. Nimevaa viatu mwenyewe. Niko na begi langu. Nimewaambia watu hawa kwamba nakwenda kwa dada. Wananiambia tiketi yangu imefutwa. Wanasema wameifuta watu wa kwenu huko."

Mama akaacha foronya.

"Dada," ile sauti ikauliza, "kwani umenikataa?"

"Nani kakwambia? Siwezi kukukataa. Siwezi, unasikia?"

"Basi kwa nini wananirudisha?"

Mama akainua kichwa. Akatuona mlangoni, mume wangu na viatu vilivyolowa, na mimi ndani ya gauni langu la kutokea. Akaishusha simu mapajani bila kuikata.

"Nani amemfutia mdogo wangu tiketi?"

Nilijua jibu. Nilifungua mdomo ili nilitoe.

"Mimi, Mama," mume wangu akasema.

Mama alimtazama. Huyu ndiye mkwe aliyempeleka kliniki, ndiye aliyemkabidhi siri ambayo mimi mwanawe alininyima. Nikaona uso wake ukimfungia, kidogo kidogo, kama mtu anayefunga madirisha ya nyumba yake moja moja.

"Wewe?" akauliza.

"Mimi."

Mapajani mwake simu ilikuwa bado inaita, "Dada, upo?"

Mume wangu hakunitazama. Mama hakunitazama. Nafasi ilikuwa yangu, pana kabisa, na neno lenyewe lilikuwa moja tu.

Nikanyamaza.